Kofi Moja kwa Kila Jina

Chausiku alichota unga wa mtama ungoni kwa utulivu, tayari kumtambikia mdogo wake. Watu walishangaa. Miaka mitatu mizima alikuwa akiapa kwamba siku atakayokanyaga tena kijijini kwao Kinole, mdogo wake huyo, Mansuri, atamtambua.

Na alikuwa na haki! Shamba lile la mikarafuu lilikuwa la mama yao, na kwa Waluguru ardhi hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Mansuri, mtu na akili zake timamu, alighushi karatasi, akamfukuza dada yake pamoja na mama mgonjwa. Mama akafia mjini, Kihonda, kwenye chumba cha kupanga, akiuliza kama karafuu zake zimechanua.

Tangu hapo mikarafuu ikawa inakauka mmoja mmoja. Mansuri naye hakulala, akakonda kama ng'onda. Ndipo akateremka Kihonda kupiga magoti.

"Shikamoo dada. Wazee wetu waliolala wamenikasirikia. Bila mkono wa binti wa nyumba, tambiko halipokelewi. Nitambikie."

"Marahaba. Na shamba?"

"Hilo tutaliongea baadaye."

Lo! Yuko magotini, jeuri ile ile. Chausiku alitamani kumtemea mate. Akasema atakuja.

"Ila jina langu usilitaje," Mansuri alimkumbusha asubuhi ile walipokuwa wakipanda kwenda makaburini. "Pale huitwa marehemu tu. Mimi sema 'mtoto wenu', inatosha."

"Mimi wa kufundishwa tambiko na wewe?"

Ukoo mzima ulichuchumaa kuyazunguka makaburi. Kila jina lilipoitwa, unga ulimwagwa na wote wakapiga kofi moja la kuitikia. Mansuri, kwa kuwa shida ilikuwa yake, aliinamisha kichwa na kupiga kwa nguvu kuliko wote.

"Bibi Mwanahawa, pokea." Kofi.

"Mjomba Halidi, pokea." Kofi.

"Mama, pokea." Kofi. Hapo machozi yalimtoka Chausiku, na mama mdogo Asia akamshika bega. Mzee mmoja akanong'ona kwamba kweli damu nzito kuliko maji.

Chausiku alifuta macho kwa ncha ya khanga. Akakung'uta ungo, akakusanya unga wote uliobaki, akaumwaga.

"Na Mansuri, pokea."

Kofi likalia kila upande, na la Mansuri mwenyewe ndilo lililotangulia.