Bakuli la Maji Bomani

Maji yalikuwa yamepungua tena, na Loishiye akahisi mgongo unamwasha kabla hata ya kuchapwa.

Alichungulia nje ya mlango. Hakuna mtu. Akatoa kibuyu chini ya shuka lake la lubega, akamimina polepole mpaka maji yakagusa mstari wa mkaa uliochorwa ndani ya bakuli. Akapumua.

Ubishi uliomletea kazi hii haukumhusu. Ulianzia mezani wakati wa chakula, pale boma la Wajerumani la Arusha. Bwana Daktari alisema maji huondoka yenyewe, bila moto wala jua. Bwana Mkubwa wa boma akacheka mpaka akapaliwa. Maji ambayo hayajachemka yaende wapi? Wakawekeana sharti: yakipungua kufikia Jumapili, Bwana Mkubwa atanyoa sharubu zake, yasipopungua, Daktari atanyoa zake. Bakuli likawekwa chumba cha ndani, na Loishiye, Mwarusha wa Ilboru, akawekwa mlangoni.

"Mtu akigusa maji haya," Bwana Mkubwa alimwambia, "wewe hamsa ishirini." Yaani viboko ishirini na tano.

Kesho yake maji yalikuwa chini ya mstari. Hakuna aliyeingia, lakini nani angemwamini? Ndipo alipotafuta kibuyu.

Jamaldini, mpishi wa boma kutoka Pangani, alijaribu kumtoa wasiwasi.

"Daktari anasema maji ni punje ndogo ndogo zisizotulia. Chukulia ng'ombe zizini. Wanasukumana, na wale wa pembeni wenye mbio wanaruka ua. Hawangoji moto."

"Na nani anawarudisha?"

"Hawarudi. Upepo unawachukua."

"Jamaldini, ng'ombe wakipotea anachapwa mchungaji."

Kila alasiri Bwana Mkubwa alikuja kukagua, akakuta maji yako palepale kwenye mstari, akaondoka akisokota sharubu kwa raha. Daktari alibaki anakuna kichwa. Maskini, hata chakula kilikuwa hakimpiti.

Halafu mambo yakaharibika. Maji yakaacha kupungua kwa adabu. Loishiye akitumwa kidogo tu kwenda kumnywesha farasi wa Daktari, akirudi anakuta bakuli limebaki nusu. Kibuyu kimoja kikawa hakitoshi. Akaanza kubeba viwili, anatembea taratibu, tumbo mbele, kama mama mjamzito.

Hao hawakuwa ng'ombe wa kuruka ua. Huyo alikuwa mwizi.

Akamvaa Jamaldini jikoni. "Wewe ndiye unayekunywa maji ya wazungu!"

"Mimi? Nina pipa zima hapa, niibe bakuli?"

Jumamosi, alipotumwa tena kwa farasi, Loishiye hakwenda. Alizunguka nyuma ya nyumba, rungu mkononi, akanyata mpaka dirishani, akachungulia.

Bwana Daktari alikuwa amepiga magoti kando ya meza, bakuli mdomoni, anakunywa kwa tabu kama mtu anayemeza dawa chungu. Alipomwona Loishiye akalishusha, maji yakimchuruzika kwenye sharubu.

"Loishiye, ndugu yangu," alinong'ona, "usimwambie Bwana Mkubwa. Maji ya huku kwenu yamekataa kabisa kuondoka yenyewe."