Msikilizaji wa Alhamisi

Kisanduku cheusi kilijitokeza kwenye skrini, jina la Balbir chini yake, na Jotham akashusha pumzi. Saa tisa kamili alasiri. Mzee huyu hakujua kuchelewa.

"Habari ya mchana, Mzee Balbir? Karibu sana."

Kisanduku hakikujibu. Hakikuwahi kujibu hata siku moja. Jotham akajiweka sawa kwenye kiti cha chumba cha nyuma, akavaa hedifoni yake kubwa ya kuzuia kelele, akafungua kitabu pale walipoishia.

Alikuwa mkutubi wa maktaba ndogo ya mtaa wa Queensbury, London, na mwaka ule alikuwa amejaribu kila kitu cha mtandaoni ambacho maktaba inaweza kujaribu. Alianzisha blogu, akawa anaisoma mwenyewe. Akaweka kidirisha cha maswali kwenye tovuti. Watu wakauliza choo kiko wapi. Mwishowe akabuni kipindi hiki cha kusoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazee wa mtaani waliokulia Kisumu, Nakuru na Kampala, ambao miguu yao haiwafikishi tena maktaba. Nishma, msimamizi wake, ndiye aliyewapelekea vishikwambi majumbani. Jotham alikuwa amevitegesha vyote vijiunge vyenyewe saa ya kipindi ikifika, maana wazee wale walikuwa hodari wa kubonyeza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa.

Mwanzoni walijaa skrini nzima. Kisha mama mmoja akasema Kiswahili chake kimeshika kutu, wengine wakarudi kwenye tamthilia zao za Kihindi, na mzee mmoja akawa anakoroma hadi mkewe akamzima. Akabaki Balbir, haonekani wala hasemi.

Na tuseme ukweli, Jotham hakuwa akisoma kwa ajili ya maktaba. Mkewe alikwenda Kakamega kumzika mama yake, akaamua kubaki huko huko. Mwanawe, mzaliwa wa London, alimjibu kwa Kiingereza, maneno mawili kwenye simu, basi. Juma zima Kiswahili kilimkaa Jotham mdomoni bila pa kwenda. Upweke ulimbana, na Alhamisi ndiyo siku pekee aliyojua kwamba upande wa pili kuna mtu.

Na mtu alikuwepo, kwani Jotham alimsikia. Mabasi yalipita karibu na kwake, breki zikilia. Sauti ya Jotham mwenyewe nayo ilimrudia kidogo masikioni, akaulaumu mtandao. Mara moja moja simu iliita mbali na hakuna aliyeipokea, na Jotham alimhurumia, akadhani magoti yanamsumbua. Halafu kukaja ile hadithi ya mama aliyekuwa akiwaandalia chai watoto wasiofika. Hapo sauti ilimkatika Jotham, akalia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi zake. Na katikati ya kilio chake akasikia masikioni kwikwi ya mwanamume, nzito, ya mtu asiyezoea kulia. Tangu siku ile alimpenda mzee yule kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa walitaka kumnyang'anya.

"Jotham, mtu mmoja si kipindi," Nishma alimwambia asubuhi ile. Naye alikuwa mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake alikitumia pale tu alipokuwa na habari mbaya. "Council wataniuliza numbers. Leo iwe ya mwisho, please."

"Huyo mmoja ananitegemea."

"Kwani hana watu wake?"

"Sijui. Hajawahi kusema."

Nishma alifungua mdomo aulize jambo, lakini simu ya mapokezi ikaita, akaenda kuipokea.

Kwa hiyo Jotham alisoma siku ile kama anayeaga msafiri. Alizibadilisha sauti za wahusika, akanguruma palipotakiwa kunguruma, akanong'ona palipotakiwa kunong'ona. Alipofika mwisho hakufunga kitabu. Aliinamia kipaza sauti.

"Mzee, wamekifunga kipindi," alisema. "Mimi sijakufunga wewe. Alhamisi ijayo nitakuja kwako, nikusomee ana kwa ana. Anwani nitaichukua kwa Nishma, na mandazi nitapika mwenyewe. Kama hutaki mgeni, sema sasa hivi, sitakasirika."

Akasubiri. Basi likapita. Mzee hakukataa.

Jotham alicheka peke yake kwa furaha. Alikuwa ameanza kufikiria avae shati gani, na kama mzee atamwona mzee mwenzake au kijana, aliposikia mlango ukifunguliwa kule kwa Balbir. Nyayo zikaingia, laini, za mwanamke. Wivu kidogo ukamgusa, kisha akautimua kwa haya. Kumbe mzee ana mtu wa kumjulia hali! Hilo ni jambo la kushukuru. Mgeni akasogea, akasogea, hadi pumzi yake ikasikika.

"Bado unasoma tu, Jotham?" akauliza mgeni.

Jotham akageuka. Nishma alikuwa amesimama nyuma yake, mbele ya rafu, akichomoa kishikwambi kwenye chaja.

"Samahani, nimekuja kuchukua hii tablet tu," alisema. "Ni ile ya Balbir. Watoto wake walimhamishia Leicester kabla hujaanza hata hicho kipindi, wakairudisha. Nikaichomeka hapa isife betri."

Akafunua jalada jeusi lililoziba kamera yake, akabonyeza kitufe cha ubavuni, na kwenye skrini ya kompyuta ukabaki uso wa Jotham peke yake.