Kitambaa cha Kengele

Kengele ya shule ile ilikuwa ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa barazani. Kila ilipogongwa kwa nondo, Raya aliziba masikio, akapiga yowe na kutimua mbio hadi barabarani.

"Akikimbia tena, Mama Raya," mwalimu mkuu alikuwa ameonya jana, "mtafutie shule nyingine."

Nyingine ipi? Zote mjini zilikwisha kumkataa.

Basi asubuhi hiyo mama mtu aliwahi kabla ya watu, akachana pindo la kanga yake, akaizungushia nondo taratibu kama anayefunga kidonda.

Saa ya kuingia darasani ilipofika, ringi ilitoa mlio mzito wa chini chini. Watoto uwanjani waliendelea kucheza. Raya naye aliendelea kupanga vijiwe vyake.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini amefura. "Nani kafanya mchezo huu?"

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe."

"Yaani shule nzima imfuate mtoto mmoja?" Akakifungua kitambaa, akakitupa chini, akaikamata nondo.

Mama alitaka kumkimbilia mwanawe, lakini Raya alishafika barazani. Hakupiga yowe. Aliokota kitambaa, akakikung'uta vumbi, akaanza kukiviringisha tena kwenye nondo ile ile, mkononi mwa mwalimu, bila kumtazama usoni.

Kitambaa kikapanda, kikapanda, hadi kikavifikia vidole vya mwalimu vilivyokaza, na Raya hakuacha, akaendelea kuviringisha.