Sauti ya Baba Tabu

Siku hizo mzazi aliyekataa kutunza mtoto alinyang'anywa sauti, nayo ikapelekwa kukaa na mtoto. Wakili wa msaada wa kisheria alimwonya Zawena, "Dada, tukishinda, Mashaka hatasema tena mpaka binti yenu awe mtu mzima."

"Fungua kesi," akasema Zawena, aliyechoka kubembeleza.

Wakashinda. Sauti ikamlea Tabu vizuri, ikamwimbia na kumfundisha kusoma, ila Zawena haikumjibu hata salamu.

Jumamosi moja Mashaka akaja mwenyewe, amekonda, amebeba gauni jipya. Akapiga magoti mlangoni, akafumbua mdomo, kimya. Tabu akarudi nyuma, akaita ndani, "Baba, kuna mtu hapa!"

"Usimkaribishe, mwanangu," sauti ikamjibu.