Pete ya Choo

Marlys alipiga magoti bafuni akimulika kwa tochi, huku kaka yake akifunga skrubu kwenye pete ya chuma ambayo choo kipya kingeikalia. Skrubu ilizunguka, ikazunguka, haikushika.

"Jaribu ile ndefu."

"Hii ndiyo ndefu, dada." Aliing'oa kwa vidole viwili. Mbao iliyonasa kwenye nyuzi zake ilikuwa nyeusi, laini, imelowa kama majani ya chai. "Mumeo naye! Sakafu ikichakaa, anabandika mpya juu ya ile ya zamani. Pete ikabaki shimoni, maji yakapenya miaka yote."

"Weka ubao juu, basi. Kwa leo tu."

"Niupigilie kwenye nini? Boriti yenyewe ni uji. Shemeji akikikalia hiki, tutamwokota huko chini ya nyumba, kwenye tanuri la kupashia joto."

Marlys alizima tochi. Makao ya wazee yalikuwa yamemruhusu mumewe arudi kwa sharti moja: choo kisichohitaji kupanda ngazi. Kitanda chake huko makaoni wangemwekea hadi jioni tu, endapo angelazimika kurudi.

Nje honi ililia. Mumewe alikataa kusubiri kwingine ila garini, mbele ya nyumba yake.

Marlys alijifuta mikono, akatoka nje kwenye theluji bila koti, akafungua mlango wa gari. Mumewe alikuwa amekwisha kuufungua mkanda wake. Mkono wake mmoja uliobaki na nguvu ulikuwa umenyooshwa, tayari kushikwa.

"Mmemaliza?"

Marlys aliinama juu yake, akauvuta mkanda, akamfunga tena.