Tandiko la Pikapu ya Noreen

Noreen aliinama kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo iliyochimba rangi mpaka bati. Hapo ndipo, alivyonisimulia, mbwa wake alipong'ang'ania kwa kucha siku mumewe alipokata kona kwa kasi, huku akicheka. Mbwa alirushwa nje, akafia barabarani.

Sasa wameachana, na hakimu amempa mume pikapu. Noreen alikuwa amekubali kuiwekea tandiko jipya la kukinga bati la sehemu ya mizigo kabla ya kuikabidhi, akaileta kwenye karakana yangu.

"Mama, chukua la kupulizwa kama rangi," nilimwambia. "Linashikamana na bati. Hili la plastiki linachezacheza. Chumvi ikiingia chini yake, bati linaliwa na kutu kimyakimya, wala huoni kitu."

"Kwa juu linapendeza?"

"Linang'aa kama kiatu cha kwenda kanisani."

"Basi nipe la plastiki, mzee wangu."

Kwetu Galveston, mji wa pwani, tunaendesha magari mpaka kwenye mawimbi, na pikapu ile ilikuwa imejaa mchanga mbichi wa bahari, wenye chumvi tele, pembe zote. Nikavuta mpira wa maji niioshe kwanza.

Noreen akaukanyaga mpira.

"Usioshe," alisema.

Niliitazama ile mikwaruzo, nikafunga bomba.