Kitambaa Chekundu Ukingoni mwa Sinia

Tangu apigwe na kiharusi, Mzee Shaweji haoni vya upande wa kushoto. Muuguzi alifunga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia: mgonjwa ageuze shingo mpaka akione, ndipo ale.

Leo mkewe, Bi Mize, alikifungua. Akasogeza nyama yote kushoto, kama mumewe alivyoivutia kwake miaka thelathini.

"Mize, nyama iko wapi?"

"Hakuna. Si ulikuwa ukiniambia mchuzi unatosha?"

Bi Mize akasema bismillahi, akatafuna pande kubwa la nyama polepole.

Mzee akarudisha tonge siniani. Shingo yake ikaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuelekea kushoto. Bi Mize akakifumbata kitambaa kiganjani, mdomo umejaa.